Niko na Nyota

Kwenye matanga ya Janvier, aliyepewa nafasi ya kusema kwanza hakuwa mtu wa ukoo wake. Alikuwa bwana mmoja mwenye koti la kijivu, ambaye sisi tulimwita Direkteri tangu tukiwa vijana, na mpaka leo ukimwita hivyo anageuka, ingawa ile nyumba ya wabunifu aliyokuwa akiiongoza kule Himbi imeshakuwa ghala la saruji. Alishuka garini, akapewa kiti cha mbele chini ya turubai, akaletewa chai kabla ya wazee. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, na kwa kile Kiswahili chake cha mikutano, anachokivaa palipo na wageni, akasema, "Ndugu zangu, tuseme ukweli. Janvier alikuwa na nyota." Nikaona majirani wake wa Keshero wanatazamana, mama mmoja akashika shavu. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba kuosha sahani, kwa sababu ningebaki pale ningesema maneno ambayo msiba hauyataki. Nilisugua sufuria ya maharagwe mpaka mwenye sufuria akaniomba niiache.

Sijawa bibi kizee, lakini Goma inazeesha. Mtu aliyekimbia volkano, akakimbia bunduki, akarudi, akaona mji unabadilisha watawala huku yeye anatafuta mkaa wa kupikia, huyo huwezi kumhesabia miaka kama mtu wa kwingine. Mvi zangu zimeanza mbele, hapa kwenye paji, na sizipaki rangi. Sitaeleza nilivyozaliwa wala nani alinilipia masomo. Inatosha kujua kwamba naitwa Masika, kwetu ni Butembo, na mwaka ule volkano ilipotoka nilikuwa nimemaliza kusoma enformatiki, mambo ya kompyuta, na sina kazi. Janvier tulimaliza naye darasa moja. Kwao ni karibu na Rumangabo, njia ya Rutshuru, watu wa shamba wanaosema Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni. Tulikuwa marafiki tu. Watu hawakuamini, na mpaka leo wengine wananiuliza nikiwa nimevaa nguo za msiba.

Tulikodi chumba Ndosho, kwa Mama Bora, mjane wa Masisi mwenye sauti nzito iliyokuwa inasikika mpaka barabarani. Nyumba ilikuwa ya mbao na bati, na chini yake si udongo bali lile jiwe jeusi la volkano za zamani, ambalo ukitaka kuchimba choo unaita wanaume wenye nyundo na unawapikia siku kadhaa kabla hujaona shimo. Ndosho yote imekaa juu ya jiwe. Bustani hakuna. Mboga tulizokula zilitoka Rutshuru na Masisi, na kila bunduki zikilia njiani, barabara inafungwa na lengalenga, huo mchicha wetu, inakuwa chakula cha wakubwa. Wazo la Janvier lilianzia hapo. Alisema mtu wa Goma hana udongo, lakini mawe anayo, taa anayo siku ambazo umeme umependa kuja, na simu anayo mkononi hata kama hajala. Basi mboga ziote ndani ya nyumba, kwenye mawe yaliyovunjwa, na simu imwambie mtu la kufanya. Mimi nilicheka. Siku ya pili nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuta ameshabomoa kitanda chake kupata mbao.

Lile sanduku lilikula nusu ya chumba. Lilikuwa na rafu mbili zilizofunikwa plastiki nyeusi, changarawe za volkano zilizooshwa mpaka maji yakatoka meupe, taa ndogo za zambarau juu, na pembeni kadi ya elektroniki yenye laini ya simu, ikila umeme wa jua kutoka kwenye kioo kilichofungwa juu ya bati. Vipimo vya maji tulivyonunua vilikuwa vinaoza kwa kutu, kila mara tunapima uongo. Ndipo Janvier akavunja mawe ya redio, yaani betri, yaliyokufa, akatoa zile kalamu nyeusi za kaboni za ndani, akazichomeka kwenye changarawe badala ya chuma, na hazikuoza tena. Chumba kilikuwa kinang'aa zambarau usiku na mchana, na majirani waliokuwa hawatujui vizuri walisema tunaombea watu mabaya humo ndani. Mimi kazi yangu ilikuwa simu yenyewe: mtu akiifungua anaona nini, anabonyeza wapi, inamwambia nini. Nilichora kurasa zote kwanza nyuma ya makartoni ya maziwa, nikazibandika ukutani, nikawa napita mbele yake kidole kimenyooshwa kama mwendawazimu, nabonyeza kartoni. Programu tuliiita Lenga.

Janvier hakuwa anacheza. Baba yake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba shamba halina mtu, kaka yake amevuka kwenda Uganda na harudi, na kwamba mwaka ukiisha kabla hajapata nafasi ya maana mjini, arudi Rumangabo ashike jembe. Kwa mtu wa kwingine hilo ni neno la kawaida la mzazi. Kwetu, kila mtu alijua vilima vya kule vimeshapitia nini, na watu wa mboga walioingia Goma alfajiri walikuwa wameanza tena kunong'ona kwamba wale jamaa wa bunduki wako juu, wanapika moto wao taratibu. Nyumba ya wabunifu ya Himbi ilikuwa imetangaza maonyesho ya mwisho wa mwaka, na atakayechaguliwa angepewa chumba chenye umeme, posho, na cheti cha kuonyesha mzazi. Janvier alitaka kile chumba. Hakutaka kitu kingine. Nilikuwa namsikia kwenye simu na baba yake, kwa Kinyarwanda ambacho nilikuwa nakishika nusu nusu, anaomba subira, anaomba subira tena.

Mtu wa kwanza kujaribu Lenga alikuwa Mama Bora. Tulimwekea sanduku dogo jikoni kwake, tukampa simu, na simu ikamwonyesha kwa uzuri wote nilioutengeneza: Humidité 18%. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Dix-huit, ni mingi ao ni kidogo?" Nikamwambia ni kidogo. Akaniuliza mbona basi simu isiseme tu kama ni kidogo. Nilichukia siku nzima, maana ile duara ya asilimia nilikuwa nimeichora upya mara nyingi nikaipaka rangi ya maji ya ziwa. Jioni nikaifuta. Tukakubaliana mmea wenyewe uongee, useme kwa sauti, kwa sababu mama wa Ndosho mikono yake imejaa unga na hana muda wa kusoma. Nikaandika: Nina kiu. Nikaona nimemaliza.

Jioni ile tulikula kwa Mama Bora, bugali na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, wapangaji wote uani kwenye viti vifupi. Nikawasomea sentensi yangu. Janvier akaweka tonge chini, akacheka mpaka akakohoa. "Nani anasemaka ivo hapa? Ile ni Kiswahili ya redio." Akawageukia wengine akauliza, mtu akitaka maji anasema nini, na wote wakajibu pamoja kana kwamba wako kanisani, "Niko na nyota." Na ni kweli, Goma hatusemi kiu. Tunasema nyota. Basi ukaanza ubishi ambao nikiukumbuka najisikia vibaya kwa namna ninavyoutamani. Janvier alisema neno ni lao, ni inyota ya Kinyarwanda. Mimi nikasema hata bibi yangu wa Butembo, ambaye hakuwahi kuona Rutshuru, analisema. Mama Bora akasema siye Bahunde tulikuwa hapa mbele yenu wote, na nyota tulikuwa nayo. Mpangaji mmoja akasema basi kama ni ya kila mtu, tugawane na maji. Tulicheka, na hapakuwa na mtu aliyetafuta kujua mwingine ni wa wapi kwa nia mbaya. Kesho yake tukamrekodi Mama Bora. Ile sauti yake nzito ikaingia kwenye simu: "Niko na nyota."

Kisha volkano ikatoka. Mengi yameshasemwa juu ya jioni ile, na mimi sina la kuongeza kuhusu mbingu nyekundu. Lava haikufika Ndosho. Kilichotufikia ni mitetemeko, siku baada ya siku, mpaka kikombe kinatembea chenyewe mezani na ukuta unafunguka mahali ambapo ulikuwa mzima asubuhi. Halafu tukaambiwa tutoke mjini. Tulitoka kwa miguu kwenda Sake, watu wengi kiasi kwamba huoni barabara, Mama Bora na sufuria kichwani, mimi na begi la kompyuta, Janvier akigeuka nyuma kila mara kama mtu aliyeacha mtoto. Sanduku lilikuwa limebaki limewaka, na kioo cha jua juu ya bati.

Sake tuliwekwa kwenye darasa la shule, familia juu ya familia, madawati yamepangwa nje kwenye mvua. Maji hayakuwepo. Waliogopa ya ziwa, wakasema yanaweza kuwa na gesi, na yale ya tangi la msaada yalikuwa yanaisha kabla foleni haijafika katikati. Watoto walilala midomo imepasuka. Siku moja mchana, darasa lote kimya kwa uchovu, simu ya Janvier ikasema kwa sauti ya Mama Bora, "Niko na nyota." Watu wakageuka wote kumtazama Mama Bora. Bibi mmoja wa pembeni akasema, bila hasira, "Mama, siye wote tuko na nyota." Mama Bora akanyoosha mkono. "Ile sauti ni yangu, lakini miye niko kimya. Anayelalamika ni lengalenga, iko nyumba." Ilibidi Janvier asimame aeleze. Alisimama mbele ya ubao wa darasa, akaeleza sanduku, mawe, simu, na watu wakamsikiliza kama mwalimu, wengine wakicheka, na yule bibi akafuta macho akasema basi hata mboga zina mtu wa kuziitikia. Simu ikasema tena baada ya saa moja, na tena, kwa sababu ndivyo nilivyoipanga, isinyamaze mpaka mtu amwage maji. Tungeweza kuizima. Janvier hakutaka.

Asubuhi alirudi Goma kwa miguu, peke yake, kinyume na watu wote waliokuwa bado wanatoka. Nilimtukana sana. Alirudi jioni na plastiki nyeusi kifuani, amefunika lengalenga zilizopona. Zilikuwa viganja viwili, zimenyong'onyea. Mama Bora alizikata ndogo ndogo akazitia kwenye maharagwe ya darasa zima, na kila mtu akapata labda uzi mmoja wa kijani kwenye kijiko. Janvier hakula. Alikuwa ananionyesha simu, mstari wa siku zile zote, jinsi sanduku lilivyoendelea kuita katika nyumba isiyo na mtu, katika mji usio na mtu. Aliniambia wakiona hii kule Himbi hawawezi kutunyima. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na alikuwa na furaha, na mimi nikaamini.

Tulirudi, tukaziba nyufa kwa makartoni yangu, tukafanya kazi miezi iliyobaki kuliko tulivyowahi kufanya. Mama wengine wa Ndosho wakataka masanduku. Walikuwa wanaitana barabarani, "Yako ilisema?" "Ilisema." Mwishoni mwa mwaka, wiki ileile ya maonyesho, habari zikaja kwamba wale jamaa wameshuka na vijiji vya juu vya Rutshuru vimekimbia. Ghafla mjini watu wakaanza kusikiliza jinsi unavyotamka maneno, kama una Kinyarwanda cha wale jamaa. Mtu wa teksi anakuuliza jina lako lote, siyo la ubatizo tu. Janvier alikuwa anatoka asubuhi akiwa mtu mrefu anayetembea haraka, anarudi jioni akiwa ameangalia chini.

Kwenye maonyesho kulikuwa na mgeni mkubwa, aliyekuja kutoka Nairobi kwa niaba ya watu wenye fedha, mtu mpole, Kiswahili chake safi kama cha kitabu. Direkteri alikuwa anamfuata na chupa ya maji. Walipofika mezani kwetu, Janvier alieleza kidogo, kisha akaacha sanduku lijieleze. Tulikuwa tumelinyima maji tangu jana yake makusudi. Simu ikasema, "Niko na nyota." Yule mgeni akafumba macho, akafungua, akapiga makofi. "Mmea unasema una nyota!" Akamgeukia Direkteri, akasema hilo ndilo alilokuwa akilitafuta, jambo la kumtia mtu moyo, mmea ukistawi unajisifu kwamba una nyota. Akachora hewani kwa kidole nyota yenye ncha tano. Janvier akasema kwa adabu, "Hapana, muzee. Hapa kwetu nyota ni kiu. Inaomba maji." Mgeni akamtazama Direkteri kutaka kujua. Na Direkteri, mtoto wa Goma, aliyezaliwa Birere, ambaye mama yake aliuza maji ya bidoni, dumu kwa dumu, maisha yake yote, alitabasamu akasema, "Nyota ni nyota, mheshimiwa. Kijana anatania." Akamshika mgeni kiwiko, wakapita.

Alijua. Nimejaribu miaka hii yote kumtafutia sababu nyingine, nikakosa. Aliona mgeni amefurahi, na hakutaka furaha ile iharibiwe na kweli ya maji.

Siku chache baadaye aliniita mimi peke yangu ofisini, chumba chenye zulia na mmea wa plastiki kwenye dirisha. Alinipa kiti. Alisema tumechaguliwa, na chumba kipo, na mgeni anauliza habari zetu. Nilianza kumshukuru. Akainua kiganja. "Masika mwanangu, proje ni muzuri. Lakini jina ya ule kijana, na kwenye anatoka, kwa hii wakati... Weye unaelewa. Batu wataanza kuuliza mashini ya kuita watu kwa simu, inaita nani. Tafuta teknisie mwingine. Wa kwenu, hata." Nikamuuliza Janvier ataenda wapi. Akasema kwao si ni Rumangabo, ana wazazi, ana shamba. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda sokoni. Nilimwambia hicho chumba akae yeye na mmea wake wa plastiki, nikatoka. Nikiwa mlangoni aliniambia nisisahau kwamba kila kinachoonyeshwa pale ni mali ya nyumba, na kwamba wote tulitia sahihi siku ya kujiandikisha. Ni kweli tulitia. Nani husoma yale maandishi.

Nilimweleza Janvier yote, bila kupunguza, na mpaka leo naona nilifanya sawa. Tulikuwa tumekaa kwenye kizingiti cha Mama Bora. Aliuliza jambo moja tu: kama Direkteri alikiri kwamba nyota ni kiu. Nikamwambia hakulitaja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo. Aliondoka kabla ya Noeli, kwenye gari la mboga lililokuwa linarudi tupu, na sanduku kubwa akamwachia Mama Bora. Mama Bora alimfungia bugali na sambaza kwenye jani la ndizi, akamlaani Direkteri kwa Kihunde, taratibu, neno kwa neno. Baadaye barabara ikakatika na simu za Rumangabo zikanyamaza.

Programu ilitoka mwaka uliofuata. Waliiita Nyota. Alama yake ilikuwa nyota ya dhahabu yenye ncha tano, sawasawa na ile ya kidole cha mgeni, na kurasa zilikuwa zangu, mpaka rangi ya maji ya ziwa niliyokuwa nimeifuta walikuwa wameitoa wapi sijui wakairudisha. Sauti ya Mama Bora waliitoa, wakaweka ya binti mmoja laini. Mmea ukiwa mzima, umeshiba maji, simu inapongeza: "Mmea wako una nyota!" Mradi mmoja wa misaada ukagawa masanduku hayo Ndosho. Mama wote wakafanya kile ambacho mtu wa Goma angefanya: waliposikia mmea una nyota, walikimbia na bidoni. Na simu inasema tena, na wao wanamwaga tena, maji ya kununua, maji ya kubeba mgongoni, mpaka mizizi ikaoza na nyumba zikanuka. Mama Bora aliniita nione lake. Alikuwa amekasirika na mmea. "Hii yao haishibe," aliniambia. Nilimweleza, akakaa chini kwenye kiti kifupi, hakucheka. Nilisikia baadaye kwamba Direkteri alisema kwenye mkutano mmoja kuwa watu wa Goma bado hawajawa tayari kwa teknolojia.

Janvier nilimwona tena kambini, pembeni mwa mji, kati ya maturubai meupe ya watu wa Rutshuru. Shamba lilikuwa limekanyagwa na baba yake alikuwa ameshazikwa hukohuko. Alikuwa anatengeneza simu za watu kwenye kimeza, na nyuma yake, kwenye bidoni iliyokatwa, alikuwa ameotesha majani ya vitunguu juu ya changarawe za volkano. Nilimpelekea bisibisi nzuri na waya. Nilitaka tuongee juu ya Lenga, nilikuwa na hasira nyingi nimemhifadhia, lakini aliniuliza habari za Mama Bora na akanionyesha binti aliyekuwa anasuka nywele mlangoni, akasema huyu ni Furaha, tunaoana. Walipata baadaye chumba Keshero. Kisha figo zikamharibikia. Mashine ya kusafishia damu haikupatikana, njia za kutoka mjini zilikuwa zimefungwa huku na huku, na wenye uwezo wa kuvuka mpaka walikuwa wengine.

Jioni ya matanga, Direkteri alipokwisha kuondoka na gari lake, niliingia ndani kukaa na Furaha. Alikuwa kwenye godoro chini, amezungukwa na wanawake, ukuta wa mbao nyuma yake ukipitisha kila neno la uani. Alinishika mkono akanivuta karibu, akaongea chini ili wengine wasisikie.

"Ya Masika, dada yangu, ule papa wa koti alikuja hospitali?"

Nikamwambia sidhani.

"Sasa alijuaje?" Alikuwa ananitazama usoni. "Munganga alikataza maji. Alisema figo haiwezi, nimupatie kidogo tu, kwa kifuniko ya chupa. Janvier alikuwa ananiomba usiku muzima. Niko na nyota, Furaha, niko na nyota. Na miye namunyima. Tulikuwa siye wawili tu mule. Sasa ule papa anasimama mbele ya batu wote anasema Janvier alikuwa na nyota. Nani alimuambia?"

Wanawake walikuwa wameanza wimbo, na nikangoja ubeti uishe. Ningeweza kumwambia kwamba yule bwana alikuwa anamsifu mumewe, kwamba kwa Kiswahili cha vitabu lile ni neno zuri. Sikuweza kulitamka. Nilimshika mabega.

"Hakuambiwa na mtu mwingine," nilimwambia. "Janvier alimuambia yeye mwenyewe, zamani, mbele yangu. Akajifanya hasikii."

Furaha akaegemea ukuta. Aliomba maji, mtu akamletea kikombe kimejaa, akakishika kwa mikono miwili, hakunywa.